Baiskeli ya mlimani katika nchi ya milima: kabla ya kulipa, na baada ya kulipa

Njia ya vumbi inayoanzia Rubavu na kufuata ukingo wa Ziwa Kivu hadi Rusizi ina urefu wa kilomita 227 hivi, na anayeipita kwa baiskeli hukuta tambarare chache mno. Hupanda mpaka pumzi ikakatika, kisha huteremka mpaka vidole vikafa ganzi kwa kubana breki, na akifika bondeni huanza upya. Watalii huipita kwa starehe, wakifuatwa na gari linalowabebea mizigo. Wakazi wa Rutsiro, Karongi na Nyamasheke huipita kwa sababu huko ndiko soko, zahanati na shule zilipo.

Tangu Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani mwezi Septemba mwaka 2025, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, maswali ya wasikilizaji wetu kuhusu baiskeli yameongezeka. La kustaajabisha ni kwamba wachache huuliza habari za zile baiskeli nyembamba walizozishangilia kwenye barabara ya mawe ya Kimihurura. Wengi huuliza habari za baiskeli ya mlimani, ile yenye tairi pana, gia nyingi na uma wa mbele wenye shokapu. Je, ile ya mtumba iliyoegemezwa ukutani kando ya barabara inastahili fedha inayodaiwa? Kwa nini cheni huruka pale tu mtu anapopanda mlima? Je, breki za kawaida zaweza kubadilishwa kuwa za diski?

Kabla ya kujibu, neno moja kuhusu majina. Sisi tunaofanya kazi ya kutafsiri habari tunajua kwamba chombo hiki hakina jina moja katika ukanda wetu: ni igare kwa Kinyarwanda, ikinga kwa Kirundi, na kinga kwa Waswahili wengi wa upande wa Kongo. Vipuri vyake vina majina mengi zaidi, mengine ya Kifaransa, mengine ya Kiingereza, mengine ya mafundi wenyewe. Pale jina lilipo na utata, nimeona heri nieleze umbo la kitu na kazi yake, ili msomaji aweze kukinyooshea kidole mbele ya fundi.

Chombo kilichozaliwa na breki iliyoungua

Baiskeli ya mlimani haikubuniwa na kiwanda. Katika miaka ya 1970, vijana wa wilaya ya Marin, kaskazini mwa San Francisco huko California, walizitafuta baiskeli nzito za zamani zenye tairi nene, wakazibeba hadi juu ya mlima na kushindana kuteremka nazo katika njia za vumbi. Tarehe 21 Oktoba 1976 walifanya mashindano yao ya kwanza katika njia waliyoiita Repack, maana yake kupakia upya. Baiskeli zile zilikuwa na breki ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, inayoshika pale mtu anapokanyaga pedeli kinyumenyume. Kwa mteremko mmoja tu, grisi ya ndani iliungua na kutoka moshi, na mwenye baiskeli alilazimika kukifungua kitovu na kukipakia grisi mpya kabla ya kushuka tena.

Naisimulia habari hii kwa kuwa inafunua jambo ambalo wauzaji hulificha nyuma ya rangi na vibandiko: tatizo la kwanza la baiskeli mlimani lilikuwa kusimama. Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza fremu iliyokusudiwa kazi hiyo hasa, na mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly walianzisha biashara ya kuuza baiskeli zilizojengwa kwa fremu za fundi Tom Ritchey. Mwaka 1996 mchezo huo uliingia katika Olimpiki ya Atlanta.

Tom Ritchey huyo ndiye aliyefika Rwanda mwaka 2005. Aliona wakulima wakisukuma kahawa kwa baiskeli za chuma za gia moja na hata kwa zile za mbao, ambazo ndugu zetu wa Goma huziita chukudu na wamezijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Buni mbivu haingoji: ikikaa muda mrefu kabla ya kumenywa huanza kuchacha, na bei yake huanguka. Ritchey akasanifu baiskeli ndefu ya mizigo yenye gia, iliyopewa jina la baiskeli ya kahawa, na mwaka 2006 yakafanyika mashindano yaliyojumuisha baiskeli za mbao. Humo ndimo ilimozaliwa timu ya taifa ya baiskeli, iliyolelewa na Jock Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki mbio za Tour de France. Adrien Niyonshuti, aliyekulia katika timu hiyo, aliibeba bendera ya Rwanda katika Olimpiki ya London mwaka 2012, akashindana katika mbio za baiskeli za mlimani na kumaliza katika nafasi ya 39. Wengi tunamkumbuka kwa barabara ya lami, tukisahau kwamba Olimpiki aliifikia kwa tairi pana.

Ya kweli na inayofanana nayo

Baiskeli nyingi zinazouzwa kwa jina la mlimani ni za mlimani kwa sura tu. Zina shokapu mbele, pengine na nyuma, tairi zenye kashata kubwa na maandishi ya kutisha ubavuni. Ukiinama na kusoma kibandiko kidogo karibu na pedeli, baadhi zinasema waziwazi kwamba hazikukusudiwa njia za mlimani. Mtengenezaji amejikinga, na mzigo umebaki kwa mnunuzi.

Njia ya kuitambua ni kuigusa. Bana breki ya mbele, egemea usukani kwa uzito wako wote, kisha uachie. Shokapu njema hushuka kwa ulaini na kurudi kwa utaratibu. Ile mbovu haishuki, au hurudi kwa kishindo kama kitanda cha springi. Bado umebana breki, isukume baiskeli mbele na nyuma: ukisikia mlio wa kugonga kwenye uma, mirija ya ndani imelegea, au beringi za shingo ya usukani zimekwisha. Tazama pia ile mirija miwili inayong'aa. Mkwaruzo unaokwama ukucha maana yake sili itavuja.

Kuhusu shokapu ya nyuma, maoni yangu ni mafupi: kwa bei ya mtumba wa kawaida, usiichukue. Kila kiungo kinachocheza kina beringi zake, kila beringi ina siku yake ya kufa, na kipuri chake hakipatikani Nyabugogo wala Buyenzi. Fremu ngumu nyuma, yenye uma mzuri mbele, au hata uma usio na shokapu kabisa, itakutumikia miaka mingi zaidi. Uma hafifu wa springi wenyewe huwa na uzito wa kilo mbili na nusu au zaidi, na malipo yake ni kuzama kila unapokanyaga kwa nguvu ukipanda.

Fremu yenyewe ikague kwa mwangaza na kwa kitambaa. Futa vumbi pale mirija miwili mikubwa inapokutana chini ya usukani, pale ekseli ya pedeli inapopita, na pale nguzo ya tandiko inapoingia. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba ni dalili ya ufa. Fremu ya chuma yenye ufa inaweza kuchomelewa na fundi mwenye mkono mzuri ikaishi tena. Ya aluminiamu ikichomelewa hupoteza ugumu wake karibu na mshono, na matibabu ya joto yanayourudisha hayafanyiki gereji. Ya kaboni usiijaribu bila kujua historia yake. Haipindi ikakuonya. Huvunjika.

Ukubwa wa fremu hauhitaji mjadala mrefu. Simama ukiipanda katikati, nyayo zote mbili chini: kati yako na mrija wa juu ibaki nafasi ya vidole kadhaa. Ukikaa na kuishusha pedeli mpaka mwisho, goti libaki limepinda kidogo tu. Nguzo ya tandiko ikilazimika kutolewa kupita alama ya mwisho iliyochongwa juu yake ili goti linyooke, fremu hiyo ni ndogo kwako, hata kama bei inakuvutia.

Hesabu ya gia

Muuzaji atakwambia baiskeli ina gia 21, au 27, kana kwamba wingi ndio ubora. Uhesabuji huo hausaidii. Kinachosaidia ni kuhesabu meno.

Chukua baiskeli nyeusi ya chuma ya gia moja, ile tuliyoizoea sokoni. Mfano wa kawaida una meno 44 mbele na 20 nyuma. Ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 2.2, na kwa gurudumu la inchi 28 baiskeli husogea karibu mita 5. Katika tambarare ni raha. Katika mwinuko wa kutoka mtoni, mwendeshaji hushuka na kusukuma, wala si kwa uvivu. Sasa chukua baiskeli ya mlimani ya mtumba yenye magurudumu ya inchi 26, meno 22 kwenye duara dogo kabisa la mbele na meno 34 kwenye duara kubwa kabisa la nyuma. Mzunguko mmoja wa pedeli huisogeza mita 1.3 tu. Mguu uleule, mlima uleule, na mzigo umegawanywa karibu mara nne. Mwendo ni wa konokono, lakini mtu anabaki juu ya tandiko.

Baiskeli za miaka ya karibuni zimeacha maduara matatu ya mbele. Zina moja tu, la meno 30 au 32, na nyuma kaseti pana (si ile ya muziki) inayofika meno 50 au 51. Meno 32 mbele na 51 nyuma, kwa gurudumu la inchi 29, hukupa mita 1.4 kwa mzunguko. Hakuna muujiza hapo. Ni uwezo uleule wa kupanda kwa waya mmoja pungufu na kifaa kimoja pungufu cha kuharibika. Kasoro yake ni bei: kaseti ya namna hiyo ni ghali, cheni yake ni nyembamba, na ikikatika Nyamasheke hutapata ya kuazima. Kwa mwenye kipato cha kawaida anayeishi mbali na mji, bado ninapendekeza maduara mawili au matatu ya mbele na gia 8 au 9 nyuma, kwa kuwa vipuri vyake vimetapakaa.

Jambo moja kuhusu nyuma ya baiskeli ambalo wengi hulijua kwa hasara. Katika baiskeli za bei nafuu, zile duara za meno hukazwa kwa nyuzi juu ya kitovu kama kifuniko cha chupa, pamoja na utaratibu mzima wa kuzunguka bure. Beringi ya upande huo hukaa ndani, mbali na fremu, na ekseli hubaki ikining'inia bila mhimili. Kwenye mashimo, na kwa mtu mzito au mwenye mzigo, hupinda na hatimaye kukatika. Katika baiskeli bora, kaseti huvaliwa juu ya kitovu chenye mifereji, na beringi hukaa nje karibu na fremu. Muulize fundi kitovu ni cha namna gani kabla hujauliza bei.

Na kama shabaha yako ni kubeba magunia au abiria, fikiri mara mbili. Gurudumu la nyuma la baiskeli nyeusi ya jadi lina spoku 40. La baiskeli ya mlimani lina 32, mara nyingine pungufu, na fremu nyingi hazina hata mahali pa kufungia keria. Umilima wake unahusu mwendeshaji peke yake.

Kusimama

Kuna breki za raba zinazobana ukingo wa rimu, na kuna za diski. Za raba ni nyepesi, ni nafuu, na raba zake huuzwa hata kwenye kibanda cha sabuni na chumvi. Adui zake ni tope na maji. Udongo mwekundu uliolowa, au mchanga mweusi wa volkano wa Musanze, ukinaswa kati ya raba na rimu hugeuka msasa. Kila mteremko hula kidogo ukuta wa rimu, na siku moja ukuta huo hupasuka kwa msukumo wa hewa ya tairi. Pitisha kidole ubavuni mwa rimu: kikizama kama kwenye kijiko, rimu hiyo imekwisha, hata kama gurudumu linazunguka bila kuyumba.

Diski huiacha rimu salama na hushika hata katika mvua. Zipo zinazovutwa kwa waya na zipo zinazosukumwa kwa mafuta. Za mafuta zina nguvu zaidi kwa kidole kimoja, lakini zina masharti. Nyingine hutumia mafuta ya madini, nyingine hutumia mafuta ya breki ya aina ya DOT, jamaa ya yale ya magari. Ukichanganya, sili huvimba na breki hufa. Fundi wa magari mwenye nia njema akikumiminia DOT ndani ya breki ya mafuta ya madini, amekuharibia mfumo mzima. Maandishi huwa juu ya kifuniko cha kopo dogo lililo kwenye usukani. Yasome, au muombe mtu akusomee. Kwa anayeishi vijijini, diski za waya ndizo ninazoziona za busara: waya wa breki wa shilingi chache huwafaa wote.

Pedi za diski hazikaguliwi vya kutosha. Sehemu laini inayogusa diski ikibaki nusu milimita, badilisha. Diski yenyewe mara nyingi huanza na unene wa milimita 1.8, na watengenezaji wengi huweka mwisho wake kwenye milimita 1.5, kipimo ambacho fundi ataelewa akiwa na kalipa. Usiache tone la mafuta ya cheni liguse diski au pedi. Pedi iliyokunywa mafuta hupiga kelele na kuteleza, na kuisugua kwa msasa mara nyingi ni kujidanganya.

Katika mteremko mrefu, usiiburute breki kutoka juu mpaka chini. Bana kwa nguvu kabla ya kona, punguza mwendo kweli, kisha uachie breki zipoe. Tumia zote mbili, ukirudisha makalio nyuma. Mkono unaobana kidogo kidogo kwa kilomita nzima huchemsha kila kitu, kama ilivyokuwa Repack. Ukifika chini, usiguse diski kwa kidole kupima joto lake. Alama yake hukaa wiki kadhaa.

Cheni, rula na mafuta machafu

Baiskeli yangu ya kwanza ya mtumba ilikuwa na cheni mpya kabisa iliyong'aa. Niliona hiyo ni heshima ya muuzaji kwa mteja. Katika mwinuko wa kwanza wa kweli, nilipoinuka kwenye tandiko na kukanyaga kwa uzito wote, cheni iliruka juu ya meno na kifua changu kikakutana na usukani. Cheni ilikuwa mpya, meno yalikuwa mazee. Siku hizo sikujua kwamba vitu hivi viwili huzeeka pamoja.

Cheni hairefuki kwa kuvutika. Vipini vilivyo ndani ya viungo vyake husuguana na kulika, na kila kiungo hupata nafasi kidogo. Jumla ya nafasi hizo huifanya ilale vibaya juu ya meno na kuyachonga yafanane na mapezi ya papa. Kipimo chake ni rahisi. Weka sifuri ya rula katikati ya kipini kimoja, hesabu vipini 24 vinavyofuata, soma pale kilipo cha mwisho. Katika cheni mpya ni inchi 12 kamili, yaani sentimita 30.48. Ikizidi kwa milimita moja na nusu, nunua cheni mpya sasa, na kaseti itasalimika. Ikizidi kwa milimita tatu, huenda umechelewa, na utalazimika kununua vyote viwili. Rula ya mtoto wa shule inatosha.

Kwa hiyo unapojaribu baiskeli ya mtumba, usizunguke nayo kwenye uwanja wa tambarare mbele ya kibanda. Omba mlima. Simama juu ya pedeli katika kila gia. Muuzaji akikataa, kataa na wewe.

Kuhusu mafuta, kuna mazoea ambayo ningependa yaishe: kumwagia cheni mafuta machafu yaliyotolewa kwenye injini ya gari au pikipiki. Mafuta hayo yamebeba chembe za chuma zilizolika, na uzito wake hunasa vumbi lote la Juni hadi Agosti. Matokeo ni uji mweusi unaosaga cheni. Ioshe kwa brashi na mafuta ya taa, iache ikauke kabisa, kisha tia tone moja jepesi ndani ya kila kiungo. Ngoja dakika chache, halafu ufute nje mpaka kitambaa kitoke karibu safi. Mafuta yanahitajika ndani. Nje huita vumbi. Wakati wa masika, mafuta mazito kidogo hudumu zaidi, ila kazi ya kufuta huongezeka.

Wala usiipeleke baiskeli kwenye mashine ya kuoshea magari. Maji ya msukumo mkubwa hupenya sili na kuisukuma grisi nje ya beringi za kitovu, za shingo na za pedeli. Ndoo na kitambaa vinatosha.

Mengineyo ni ya kusikiliza. Gonga spoku kwa ukucha ukizunguka gurudumu: iliyolegea hutoa sauti nzito tofauti na wenzake wa upande uleule. Tikisa pedeli kushoto na kulia bila kuzizungusha. Ikicheza mikono yote miwili pamoja, beringi za kati zimelegea, na ikicheza mmoja, ni mkono huo. Ukifungua pedeli, kumbuka ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Nimeona vijana wawili wakiikaza kwa dakika kumi wakidhani wanaifungua. Na zile bolti ndogo zinazoshika usukani zina kipimo, mara nyingi nyutoni mita 5, namba ambayo nimeitafsiri mara kadhaa nikijiuliza nani ana chombo cha kuipima. Tafsiri yake ya mkononi ni hii: kaza kwa spana fupi ya pembe sita, kwa vidole na kiganja, kamwe si kwa kuning'inia na bomba.

Kuboresha, na mahali pa kukomea

Kishawishi cha kwanza cha wengi ni kununua uma mpya wenye shokapu kubwa. Mimi ningeanza na tairi. Hakuna fedha inayobadilisha baiskeli kwa haraka kama tairi nzuri mbili na hewa iliyopimwa. Mafundi wengi wa kando ya barabara hujaza tairi mpaka igonge kama jiwe, kwa mazoea ya baiskeli za mizigo. Kwa mtu wa kilo 70 hivi na tairi ya inchi 2.2 yenye tyubu, psi 28 hadi 35 zinatosha. Tairi hulala kidogo juu ya jiwe badala ya kuruka. Ukibeba mzigo ongeza, ila usipite kiwango kilichoandikwa ubavuni.

Baada ya tairi ni pedi na waya za breki, kisha cheni. Hapo tu ndipo swali la gia linapokuja, na hapo ndipo namba zinapokuwa kali. Kitovu cha nyuma cha baiskeli nyingi za zamani hukaa katika nafasi ya milimita 135 kati ya masikio ya fremu. Zilizofuata zilitumia ekseli nene ya kupenyeza yenye milimita 142, na nyingi za sasa milimita 148. Gurudumu la moja haliingii katika nyingine. Mrija wa uma unaopita shingoni kwa baiskeli za zamani ni mnyoofu, wa inchi moja na moja ya nane; umma za kisasa nyingi hupanuka kwa chini mpaka inchi moja na nusu, na shingo ya zamani iliyo nyembamba haiupokei. Hata nguzo ya tandiko ina vipimo: milimita 27.2, 30.9 na 31.6 ndivyo vya kawaida, na tofauti ya chini ya milimita moja huifanya ikatae kuingia au ishuke kila baada ya shimo.

Swali la breki za diski lina jibu hapo hapo. Tazama sikio la kushoto la fremu nyuma, na mguu wa kushoto wa uma. Kama hakuna vishikizo viwili vya kufungia breki, usimruhusu mtu kuvichomelea kwenye fremu ya aluminiamu. Na kama vipo, bado unahitaji vitovu vinavyopokea diski, maana yake magurudumu mapya. Jumlisha gharama hiyo kwa kalamu. Mara nyingi utakuta imekaribia bei ya baiskeli nyingine ya mtumba iliyokuja na diski zake.

Limebaki dogo lililowalaza wengi njiani: vali. Baiskeli nyeusi ina vali yake ya zamani, baiskeli nyingi za mlimani zina vali nene kama ya gari, na zile bora zina vali nyembamba ndefu yenye kikofia cha kufungua kwa kuzungusha. Pampu ya kijijini huenda isiishike hiyo ya tatu. Adapta yake ni kipande cha shaba kidogo kuliko ncha ya kidole, na inaweza kuishi ikiwa imekazwa juu ya vali yenyewe. Ukibadilisha tyubu, tazama pia tundu la rimu: la vali nyembamba ni milimita 6.5, la vali nene ni 8.5. Vali nyembamba hukaa katika tundu kubwa kwa kuvalishwa pete, lakini kulipanua tundu dogo kwa drili katika rimu nyembamba ni kuipunguzia nguvu pale pale.